Nafasi ya Mama kwenye Pelikule

Juma lililopita nilipita Buyenzi kuchukua gauni kwa fundi cherehani, nikamkuta anapiga pasi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kwa hiyo alikuwa ametoa ile pasi nzito ya makaa ambayo nilidhani imeshakwisha duniani. Alinyunyiza maji kidogo juu ya kitenge kipya, akakandamiza, na mvuke ukapanda. Ile harufu ya makaa ya moto na kitambaa ambacho hakijawahi kufuliwa iliniingia puani, nikabaki nimesimama mlangoni nikitabasamu peke yangu. Fundi aliniuliza kama niko mzima. Nilimjibu kwamba nasikia harufu ya Idi, na ya kosa kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya.

Nyinyi mliokua pamoja nami Buyenzi mnajua Idi yetu ilivyokuwa. Kwanza sala, halafu pilau, halafu safari ya miguu kwenda mjini kupigwa picha. Hiyo ya tatu haikuandikwa kwenye kitabu chochote, lakini hakuna aliyethubutu kuiacha. Tulitoka kwa makundi, viatu vipya vikitubana, tukapita kando ya soko kuu mpaka Uwanja wa Uhuru, ambao sisi tuliuita Plasi tu. Wazee waliujua uwanja huo tangu ulipokuwa na jina la Wazungu. Walituonyesha mnara, nyasi na ngazi kama watu wanaoonyesha sebule yao, na kwa kweli siku ya Idi ilikuwa sebule yetu. Picha iliyopigwa kwingine, hata mbele ya msikiti, haikuhesabiwa kuwa picha ya Idi.

Mpiga picha wetu alikuwa Baba. Alikuwa mtu mpole sana nyumbani, mtu wa kuomba samahani hata kwa kuku aliyemkanyaga, lakini akishika kamera aligeuka kuwa mkubwa wa jeshi. "Simama sawa! Kidevu chini! Musicheke!" Kucheka kulikatazwa kabisa. Baba aliamini kwamba picha ni kitu cha kukaa ukutani miaka hamsini, na hakuna mtu anayeweza kuchekewa na ukuta miaka hamsini. Aliamini pia kwamba nyuma ya mteja kusiwe na kitu ila mnara na mbingu. Kwa hiyo kabla ya kila picha aliwafukuza wang'arisha viatu, wauza karanga na waendesha baiskeli za abiria, nao walisogea wakinung'unika, halafu wakarudi pale pale alipomaliza. Ukosi wa shati ukipinda kidogo tu, alirudia picha yote.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kile kidirisha kidogo juu ya kamera, chenye namba. Kila Baba alipobonyeza na kuvuta, namba iliongezeka. Ikifika thelathini na sita, Baba alisema, "Pelikule imejaa," yaani filamu imekwisha, basi. Nilikuwa na miaka saba na meno mawili ya mbele sina, na neno hilo nililielewa kama lilivyosemwa. Pelikule ilikuwa chumba. Watu waliingia mmoja mmoja kupitia kile kioo cha mbele, wakajipanga humo ndani, na chumba kilikuwa na nafasi thelathini na sita. Familia ya watu tisa ilipohesabiwa moja, niliwahurumia kwa jinsi walivyobanana humo wakipumuliana.

Na katika chumba hicho Mama hakuwahi kuingia. Kila Idi alivaa, akajifunga mtandio wake wa kijani, akatembea na sisi mpaka Plasi, kisha akakaa kwenye ngazi kuwashikia wateja mizigo yao. Mtu hawezi kupigwa picha na sakoshi, ule mkoba wa kwapani, na mtoto anayelia, na viatu vya ndugu yake. Vyote hivyo alipewa Mama. Utamwona amekaa, sakoshi nne begani, mtoto wa jirani gotini na mdogo wangu mgongoni, akimtazama Baba anavyofanya kazi. Wateja kwanza, ndiyo ilikuwa sheria, sisi mwisho. Zamu ya Mama ilipokaribia, pelikule ilikuwa imejaa. Baba alimtazama kwa aibu, Mama akacheka na kusema hakuna neno. Picha yake pekee duniani ilikuwa ile ya karangamuntu, kitambulisho chake, ambayo mwenyewe alisema inamwonyesha kama mtu aliyeshikwa na kuku wa watu.

Pengine ningeendelea kuishi na jambo hilo. Lakini mwaka huo bibi yangu wa Uvira aliugua, na ikaamuliwa kwamba Mama atavuka mpaka kwenda kumuuguza, Jumamosi ya juma la pili baada ya Idi. Nilimweleza rafiki yangu Zuhura, ambaye alinizidi mwaka mmoja na kwa hiyo alijua kila kitu.

"Mutu akivuka mupaka," Zuhura aliniambia, "siku ya tatu unasahau sura yake. Ni vile. Mi nilisahau ya mujomba."

"Ata mama?"

"Ata mama. Labda ukuwe na foto yake."

Uvira ni pale tu. Siku ya hewa safi unaiona milima yake ukiwa ufukweni. Lakini nilimwamini Zuhura kabisa, na usiku huo nikaanza kujifunza uso wa Mama, kitu kimoja kimoja, kama tulivyojifunza aya chuoni. Nilifika kwenye nyusi nikalala.

Idi ikafika, na nikamshika Baba suruali tangu asubuhi. "Leo Mama aingie," nilimwambia. Akasema inshallah. Watu walikuwa wengi kuliko mwaka wowote. Pelikule ya kwanza ikajaa, ya pili ikajaa, akatia ya tatu, ya mwisho. Niliisimamia namba kwenye kidirisha kama askari wa mpakani. Ishirini. Ishirini na tano. Na hapo akatokea Saidi.

Saidi alikuwa fundi wa magari kwenye gereji iliyo nyuma ya nyumba yetu, kijana mwenye moyo mzuri na mapenzi makubwa kwa uso wake mwenyewe. Alipigwa picha amesimama. Akapigwa amechutama. Akaazima miwani ya jua, akapigwa tena. Akaazima redio, akapigwa nayo sikioni. Ya tano alipigwa ameelekea pembeni, anatazama mbali, kama mtu anayefikiria juu ya nchi. Baada yake alikuja Bibi Hadija, jirani yetu mkali ambaye hata mbuzi walimwamkia, safari hii akiwa laini kabisa kwa sababu mwanawe alikuwa amekuja kutoka Kigoma na watoto wake. Halafu wengine, halafu wengine. Mama alikuwa anawarudishia watu sakoshi zao ili asimame nilipoisoma namba. Thelathini na sita.

"Hakuna neno," Mama alisema, akacheka. Mimi nililia njia nzima mpaka nyumbani, na sababu sikuisema.

Jua lilipozama Baba aliweka kamera mezani, akaenda msikitini. Kwa kawaida, pelikule ikishajaa, alizungusha kimkono kidogo pembeni ili kuirudisha kwenye kopo lake kabla ya kufungua. Siku hiyo alichelewa sala, hakuzungusha. Mimi nilikuwa nimemwona mara nyingi akivuta kile kitufe cha juu mpaka mgongo wa kamera ukafunguka. Nilikuwa nimeshaamua. Saidi alikuwa amejichukulia nafasi tano, na hiyo si haki. Nitamtoa Saidi mara mbili, labda yule wa redio na yule wa kuchutama, nafasi zibaki wazi, kesho Baba amtie Mama. Sikuona kosa lolote. Nilijiona mtoto mwenye akili na huruma, maana nilimwachia Saidi tatu.

Nikavuta. Mgongo ukafunguka. Hakukuwa na mtu ndani. Kulikuwa na utepe wa rangi ya chai, unang'aa, mtupu. Nilidhani wamejificha nyuma zaidi, nikauvuta utepe wote mpaka ukajaa mapajani, nikautazama karibu na taa, upande huu na upande ule. Hapakuwa na Saidi wala Bibi Hadija. Nilijiambia kwamba wote wamekimbia kwa mlango nilioufungua, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Baba alirudi akanikuta nimekaa chini na pelikule shingoni. Hakupiga kelele. Aliuchukua utepe, akauinua kwenye taa, akautazama muda mrefu, halafu akakaa kwenye kiti kama mtu aliyechoka ghafla.

"Mwanga umeziingia, zimekufa zote," alisema. "Mariamu, juu ya nini?"

"Nilikuwa natafuta fasi ya Mama," nikajibu. "Saidi iko tano. Nilitaka kumutoa mbili tu."

Mama alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. Aliweka kiganja mdomoni. Mabega yake yalitikisika, na mpaka leo sijui kama alicheka au alilia. Nadhani alifanya yote mawili. Baba alimtazama yeye, akanitazama mimi, akaukunja ule utepe polepole sana kana kwamba bado una kitu cha kuharibika.

Kwetu aliyekosea huenda mwenyewe. Mzazi anakusindikiza mpaka mlangoni mwa uliyemkosea, lakini mdomo ni wako. Kwa hiyo kesho yake Baba alinishika mkono, tukapita nyumba kwa nyumba na gereji kwa gereji, na kila mahali mimi ndiye niliyesema: "Shikamoo. Mi ndiye nilifungua kamera. Foto yenu ya Idi imekufa. Munisamehe." Baba alisimama pembeni, kofia mkononi. Alikuwa mpiga picha anayeaminika Buyenzi nzima, na nilikuwa namvua heshima hiyo mlango baada ya mlango.

Saidi tulimkuta chini ya gari, miguu tu nje. Nikaiambia miguu. Miguu ikauliza nilikuwa natafuta nini humo ndani, nikaeleza kila kitu, hata ile hesabu ya kumwachia tatu. Kwanza tulisikia kishindo, maana alijigonga kichwa, halafu kicheko. Alitoka uso mweusi kwa oili, machozi yanamtiririka.

"Mi ndiye nilijaza pelikule ya watu, bana! Ungenitoa ata ine!" Kisha akaacha kucheka, akamgeukia Baba. "Baba Mariamu, ni kweli? Mama Mariamu hana foto ata moja?"

Baba alitazama kofia yake. "Iko ya karangamuntu," alisema.

Kwa Bibi Hadija hapakuwa na kicheko. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono kwenye kitasa. "Mutoto wangu ameisha kurudi Kigoma na wajukuu wangu," alisema. "Hiyo foto utanirudishia na nini?" Nilimtazama Baba anisaidie. Hakunisaidia. Bibi Hadija alifunga mlango taratibu, bila kuubamiza, na ningependa angeubamiza. Njiani nilielewa kwamba kuna vitu ambavyo samahani haiwezi kuvirudisha, nikamshika Baba mkono kwa nguvu zangu zote.

Sikujua kwamba nyuma yetu Saidi alikuwa amenawa uso na kuanza safari yake mwenyewe. Mpaka jioni habari ilikuwa imezunguka vichochoro vyote: Alhamisi ijayo, saa kumi, Plasi, nguo za Idi, kila mtu aliyekuwa kwenye pelikule ya tatu. Siku mbili kabla ya Mama kuvuka. Baba aliazima pesa ya pelikule kwa kaka yake, na Jumatano usiku Buyenzi yote ilinuka pasi za makaa.

Mngeiona ile Idi ya pili! Alhamisi ni siku ya kazi. Watu walikuja kama walivyoweza kuja. Kanzu nyeupe ilikuwa na doa la pilau kifuani. Ndugu wawili walikuwa wameshauziana viatu, wakabishana njiani nani avivae. Saidi alikuja moja kwa moja kutoka gereji, juu shati la Idi, chini ovaroli, na mikono ameificha nyuma kwa sababu ya oili. Na Plasi yenyewe ilikuwa kazini. Wang'arisha viatu waligonga brashi kwenye masanduku yao, wauza vocha walipita katikati yetu, wafanyakazi wa ofisi walitoka na mafaili kwapani, wanafunzi walikula karanga juu ya ngazi zetu. Baba alijaribu kuwafukuza kama kawaida. "Ondokeni nyuma!" Mwanamke mmoja muuza karanga alimtazama tu.

"Leo si sikukuu," alimwambia. "Leo hapa ni kwetu."

Halafu askari aliyekuwa kwenye kona akaja, maana watu thelathini waliopendeza siku ya kazi si jambo la kawaida.

"Hii ni manifestasio?" aliuliza, akidhani ni maandamano.

"Apana, shefu," alisema Saidi. "Ni Idi."

"Idi imepita siku nane."

"Ile iliharibika, shefu. Tunairudilia."

"Nani aliiharibu?"

Vidole thelathini vilinielekea. Askari aliinama, akanitazama mimi na pengo langu. Nilikuwa tayari kwenda jela, nilichoomba moyoni ni Mama apigwe picha kwanza. "Ni hii?" alisema. "Bon. Mukuwe kwa mustari, njia isifungwe." Akabaki hapo hapo, na baada ya muda nilimwona anaunyoosha mkanda wake na kukaza ukosi, maana aligundua kwamba yuko ndani ya picha.

Mstari ukapangwa, na mbele kabisa, bila kumuuliza mtu, alisimama Bibi Hadija. Alikuja peke yake, na kile kitenge chake cha nyuzi za dhahabu. Sikuthubutu kumtazama. Mama alikuwa ameshakaa kwenye ngazi kwa mazoea, sakoshi begani, mtoto wa mtu gotini. Nami nilihesabu vichwa kwenye mstari, nikahesabu tena, na hesabu ilikataa. Saidi alikuwa ameahidi kupigwa mara moja tu, lakini walikuwepo waliokuja na binamu zao ambao hata kwenye Idi ya kwanza hawakuwepo. Ingejaa tena.

Baba aliinua kamera. "Bibi, simama sawa. Kidevu chini."

Bibi Hadija hakusimama sawa. "Mi nitangoja," alisema. "Yangu mi imeisha kwenda Kigoma, ata ukinipiga mara mia haitarudi. Yako iko hapa, imekaa kwa ngazi, na Jumamosi inaenda. Anza na hiyo."

Watu wote waligeuka kumtazama Mama. Mama alianza kukataa, kwamba wateja kwanza, kwamba mtoto wa watu ataanguka, kwamba mtandio umekunjamana. Nilimkimbilia, nikampokonya mtoto na mizigo. Akapanda ngazi moja, akasimama mbele ya mnara, akaweka mikono ubavuni, akaitoa, hakujua aiweke wapi. Miaka yote alikuwa amewatazama wengine wakisimama pale, na yeye mwenyewe hakujua jinsi ya kusimama.

Nilingojea Baba apige kelele, aseme kidevu, aseme mkono. Alifumba jicho moja, akatia jingine kwenye kamera, akakaa hivyo. Baiskeli ikapita nyuma ya Mama, hakuifukuza. Muuza karanga akapita, hakumfukuza. Mstari ulianza kuguna. Hapo nilidhani kamera imeharibika, na kwamba mimi ndiye niliyeiharibu nilipoifungua, na kwamba sasa hakuna tena njia yoyote. Nilimsogelea Baba ili nimwambie nisamehe. Ndipo nikaona lile jicho alilolifumba limelowa.

"Baba Mariamu," Bibi Hadija aliita, sauti ikafika mpaka kwa askari, "unamupiga foto ama unamuoa mara ya pili?"

Uwanja wote ukacheka. Saidi alicheka akasahau kuficha mikono, askari akacheka, muuza karanga akaweka beseni chini ili acheke vizuri. Na Mama akacheka, mdomo wote, kichwa kimeenda nyuma, mtandio umeteleza.

"Muache aangalie, Bibi," alisema. "Zamu yangu nimeingoja."

Baba akabonyeza. Picha ile haikutoka sawa. Mama ametikisika kidogo kwa kicheko, ukingo wa mtandio haupo mahali pake, nyuma yake kuna nusu ya baiskeli, beseni la karanga na askari aliyekaza ukosi bure, maana anacheka naye. Saidi alimwambia Baba airudie, Mama asimame vizuri safari hii. Na Baba, ambaye nilimwona akirudia picha za watu kwa ukosi wa shati tu, alikataa.